Chora ramani ya skrubu kabla ya kufungua simu

Simu ni yako na una haki ya kuifungua, ila usimwage skrubu zote kwenye kisahani kimoja. Chora umbo la simu kwenye karatasi, weka selotepu upande wa gundi ukiwa juu, kisha kila skrubu unayotoa inate kwenye mchoro, pale pale ilipotoka kwenye simu. Kwenye iPhone, kwa mfano, skrubu hupishana urefu kwa sehemu ya milimita tu. Ndefu ikiingia tundu la fupi inaweza kutoboa bodi ya saketi iliyo ndani ya simu na kukata njia za umeme, na hapo hata fundi mzuri atahangaika. Ramani hii haisaidii kwa skrini iliyobanwa kwa gundi, hiyo inataka joto la kulainisha gundi. Betri ikiwa imevimba, usiichokonoe kabisa, mpelekee fundi.