Mboni moja kubwa kuliko nyingine, na apointimenti bado wiki 3

Kwanza acha kujimulika tochi kila nusu saa, mi nilifanya hivyo nikaishia kuumwa macho bure. Karibu mtu 1 kati ya 5 ana mboni zisizolingana kidogo, chini ya milimita 1, na ni mzima kabisa.

Fukua picha za zamani, hata ya kitambulisho, zum kwenye macho, kama tofauti ilikuwepo tangu kitambo basi presha ishuke. Halafu jipige selfi mbili, moja dirishani kwenye mwanga, nyingine kwenye giza giza, uandike tofauti inazidi wapi, maana ikizidi kwenye mwanga ile kubwa ndo inagoma kusinyaa, na daktari atakuuliza tu. Mtajie na dawa zote za macho ulizoweka, na kama ulikuwa unang'oa mnanaha (lile gugu lenye sumu, datura) shambani ukajifikicha jicho sema, usione aibu, ule unatanua mboni kweli.

Ila kope ikilegea, ukaona vitu viwili viwili, kichwa au shingo ikauma vibaya ghafla, mkono ukaishiwa nguvu, au uligonga kichwa, hapo hamna cha kusubiri tarehe, nenda emajensi saa hiyo hiyo.