Namna ya kurekodi fidla ukiwa Dar kwa ajili ya nyota wa roki aliye ng'ambo

Mwongozo huu ni kwa mpiga fidla aliyefundishwa kwa noti, ambaye pia anakaa vizuri kwenye taarabu na kwaya, na sasa mwanamuziki mkubwa wa roki amemwomba aongeze nyuzi kwenye wimbo wake. Yeye yuko Los Angeles, wewe uko Sinza. Faili lako likifunguliwa kule hutakuwepo kueleza chochote, kwa hiyo lazima lijieleze lenyewe.

Wazo la kupiga pamoja mubashara liache. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na toka hapa mpaka Los Angeles ni zaidi ya kilomita 15,000. Hata uwe na intaneti nzuri kiasi gani, sauti itachelewa milisekunde 75 au zaidi, na wapigaji wengi huanza kupishana ikishazidi 30 hivi. Kila mtu arekodi kwake.

Hatua ya 1: Omba taarifa kabla ya kushika upinde

Omba kasi ya wimbo kwa BPM (mapigo kwa dakika), traki ya kliki (mlio wa kuhesabu mapigo), na nakala mbili za wimbo: yenye mwimbaji na isiyo naye. Halafu uliza magitaa yametuniwaje. Bendi nyingi za roki hushusha nyuzi zote nusu toni, kwa hiyo wimbo unaoonekana uko Mi ndogo (E minor) unasikika Mi bemoli ndogo (E♭ minor). Kwenye ngazi hiyo hakuna hata uzi mmoja mtupu wa fidla (usioshikwa kidole) utakaokusaidia: Sol, Re, La na Mi zote ziko nje ya ngazi. Mimi hushusha fidla nayo nusu toni, nikapiga kwa vidole vya Mi ndogo, na mlio unapata uzito unaokaa vizuri na gitaa. Ishushe siku moja kabla, nyuzi zitulie. Kwa unyevu wa Dar wakati wa masika, kagua tuni kila baada ya teki (kila mara unapomaliza kurekodi).

Hatua ya 2: Tafuta nafasi yako ndani ya wimbo

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wenye elimu kubwa ya muziki wanapojaza mno. Gitaa lenye disto (sauti iliyokwaruzwa makusudi) linakula eneo lote la kati, kule kule fidla inakopenda kuimba. Panda oktavu moja juu, au shika noti moja ndefu mwimbaji anapoimba, kisha jibu anaponyamaza. Punguza mtetemo wa kidole. Mtetemo ukiwa mpana, juu ya disto unasikika kama tuni mbovu.

Sasa faida ya taarabu. Magitaa ya roki mara nyingi hupiga kodi (noti zinazolia pamoja) yenye noti mbili tu, ya kwanza na ya tano za ngazi. Ya tatu haipo, na ndiyo inayoamua kama wimbo ni wa furaha au wa huzuni. Nafasi hiyo ni yako. Unaweza kuweka ya tatu ya maqam Rast (ngazi ya muziki wa Kiarabu), ile inayokaa katikati ya kubwa na ndogo, na gitaa halitagombana nayo. Lakini sikiliza kinanda na sauti za kuitikia kwanza: wakiwa na ya tatu yao, iache.

Hatua ya 3: Rekodi

Usiku wa manane, saa saba mpaka saa kumi, kabla ya kunguru na bodaboda. Zima feni na kiyoyozi, egemeza godoro ukutani nyuma yako. Maiki iwe juu ya fidla, kama sentimita 60, ikielekea daraja la nyuzi. Ukitaka ule mkwaruzo wa upinde ambao roki inaupenda, isogeze mpaka 30. Tumia WAV, biti 24, kilohezi 48, isipokuwa wameomba tofauti. Usiweke mwangwi wala kompresa (kifaa cha kusawazisha ukubwa wa sauti). Fundi wao atafanya hayo.

Toa matoleo matatu: lililoandikwa, lenye noti chache kabisa, na lenye madoido yako. Mara nyingi wanaunganisha vipande vya matoleo yote.

Hatua ya 4: Kubalianeni kwa maandishi

Kabla ya kutuma faili za mwisho, andikeni malipo, jina lako litakavyotajwa, na kama melodia uliyobuni inakupa sehemu ya utunzi. Kupiga ulichoandikiwa na kutunga ni haki mbili tofauti, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inawatambua watunzi na wapigaji pia. Usione haya kuuliza kwa sababu mwenzio ni maarufu.

Hatua ya 5: Tuma

Kila faili lianzie mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama unaingia dakika ya tatu. Wakiliweka tu, linakaa mahali pake. Jina liwe na wimbo, ala, toleo na BPM. Traki moja ya dakika nne ni kama megabaiti 35, kwa hiyo traki kumi na mbili ziachie bando la usiku.

Bandika tepu sakafuni pale stendi ya maiki iliposimama, uandike na umbali. Wakiomba mistari miwili upya baada ya miezi, mlio lazima ufanane na wa kwanza.