SOMO: Picha ndefu za timu za besiboli: kuifungua iliyojiviringisha, kuinyoosha, kuitundika

Naliweka hapa mara moja ili nisirudie tena kwenye ujumbe wa faragha. Kila anayenunua picha ndefu ya timu ya zamani kwenye minada ya Marekani anakuja na swali lilelile: imefika imejiviringisha kama mkeka, nifanyeje? Uliza kabla hujaivuta. Ukishaivuta, mimi sina dawa.

Nazungumzia picha za kamera aina ya Cirkut. Hataza yake ni ya 1904, na baadaye Kodak ndio walioitengeneza. Kamera inajizungusha juu ya miguu mitatu huku filamu ikipita nyuma ya upenyo mwembamba. Picha huchapwa kwa kulaza negativi juu ya karatasi bila kuikuza, ndiyo maana ukiangalia kwa lenzi unasoma jezi ya mchezaji wa mwisho kabisa pembeni. Upana mara nyingi ni inchi 8 au 10, urefu inchi 30 hadi 48 na zaidi. Inayojulikana sana ni ile ya Kansas City, 11 Oktoba 1924: timu za Monarchs na Hilldale zimejipanga uwanjani katika World Series (fainali ya ubingwa) ya kwanza ya ligi za wachezaji Weusi. Nakala zake za kisasa zimejaa sokoni, kwa hiyo anza na hatua ya kwanza.

1. Hakikisha ni halisi. Lenzi ya mara 10. Ukiona vidotidoti, hiyo ni ya mashine ya uchapaji. Maandishi meupe ya chini (jina la mpiga picha, tarehe) yaliandikwa kwenye negativi, kwa hiyo lazima yawe makali. Yakiwa na ukungu, ni picha ya picha. Karatasi ikiteleza kama plastiki, si ya miaka ya 1920.

2. Kagua uso. Saini ya wino wa kalamu ya kuchovya, rangi za mkono, ukungu, magamba yanayobanduka: ukiona kimojawapo, acha hapo hapo, mpelekee mhifadhi, yaani mtaalamu wa kutunza na kutengeneza picha za zamani. American Institute for Conservation, chama cha wahifadhi cha Marekani, wana orodha ya kutafutia wataalamu.

3. Vumbi. Brashi laini, kuanzia katikati kwenda nje.

4. Kulainisha. Hapa ndipo picha nyingi zinapokufa, soma mara mbili. Uso wa picha ni jelatini, na ikikauka kwa miaka 90 inakuwa ngumu na kuvunjika kirahisi. Ukiifungua kavu inapasuka kwa mistari iliyosimama, mmoja kila sentimita mbili tatu, na hakuna atakayeirudisha. Kwa hiyo irudishiwe unyevu kwanza, bila kuguswa na maji.

Tafuta beseni refu la plastiki lenye mfuniko unaobana. Chini tandika taulo nyeupe zilizoloweshwa maji safi yaliyochujwa madini na kukamuliwa, maji yasisimame. Juu yake weka wavu wa plastiki ulioinuliwa sentimita 5 au zaidi, kisha kitambaa cha poliesta kisichofumwa. Simamisha picha juu yake ikiwa bado imejiviringisha, mvuke upite katikati ya mizunguko. Chini ya mfuniko bandika karatasi nene ya kunyonya, la sivyo matone yatadondokea picha, na tone moja huacha duara la kudumu. Funga. Kagua kila saa. Karatasi nyembamba kwa kawaida hulegea ndani ya saa 2 hadi 4, nene saa 6 hadi 8.

Dalili ya kutosha: mzunguko wa nje unalegea wenyewe ukiugusa. Dalili ya kuzidi: uso unang'aa na kunata. Hapo itoe mara moja, usiiguse usoni, na usiruhusu mizunguko igusane. Isilale humo siku mbili, ukungu hauchelewi. Birika linalochemka, pasi ya mvuke, bafu lenye maji moto: hapana. Joto na unyevu vikikutana, jelatini inayeyuka.

5. Kunyoosha. Iweke mezani uso juu, ifungue polepole kwa viganja. Ikigoma, irudi besenini. Kisha panga: plaiwudi, karatasi ya kunyonya, poliesta, picha, poliesta, karatasi ya kunyonya, plaiwudi, vitabu. Poliesta lazima iwepo. Karatasi ya kunyonya ikigusa jelatini yenye unyevu inaganda nayo. Plaiwudi izidi picha sentimita 5 kila upande, maana kingo zisipobanwa hukauka mapema na kujikunja mawimbi. Badilisha karatasi za kunyonya baada ya saa moja, tena kesho yake, halafu iache wiki mbili. Ndiyo, mbili.

6. Ipige picha au iskani kabla ya kuifungia.

7. Kuishikiza. Kadibodi ya pamba isiyo na asidi, iliyofaulu jaribio la ISO 18916 (la kupima kama kitu kinadhuru picha). Kadibodi nzima ya kawaida ya Marekani ni inchi 32 kwa 40. Picha ya inchi 42 haiingii, na kuna mafundi wanaounga vipande viwili bila kukuambia. Agiza ya 40 kwa 60. Kona za karatasi peke yake hazitoshi kwa urefu huu, katikati hulegea. Ongeza ukanda wa karatasi ya Kijapani uliokunjwa kama mfereji, picha iukalie kwa ukingo wa chini. Gundi ya wanga wa ngano ishike ukanda tu, si picha. Selotepu usiitaje.

8. Fremu. Akriliki ya kuzuia miale ya urujuanimno, mm 3. Acha nafasi ya mm 3 kwenye urefu kwa sababu akriliki hutanuka. Isiguse picha: weka katikati kadibodi nene iliyokatwa dirisha, au kitenganishi cha mm 6.

9. Kutundika. Mbao mbili zilizokatwa mshazari nyuzi 45, moja ukutani, moja nyuma ya fremu ining'inie juu ya ile ya ukutani, na pimamaji ya kusawazishia. Nyumba nyingi za Marekani nguzo za ukutani hupishana inchi 16, kwa hiyo fremu ya sentimita 130 inakutana na nguzo tatu. Si juu ya hita, si mkabala na dirisha. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta usubiri zaidi ya mwezi, mvuke wake hula fedha iliyomo kwenye picha.

MASWALI

Kipigo_cha_Nne: Asante mkuu. Pasi ya mvuke lakini kwa mbali?
Jibu: Hatua ya 4.

Kipigo_cha_Nne: Nimeuliza kwa mbali.
Jibu: Na kwa mbali pia.

dada_wa_Dallas: Fundi wangu wa fremu anasema kuibandika picha kwenye kadibodi kwa joto ndiyo njia pekee ya kupata unyoofu kamili.
Jibu: Kwa unyoofu anasema kweli. Lakini haibanduki tena, na bei inashuka siku hiyohiyo. Mawimbi madogo kwenye picha ya miaka 100 si kasoro. Tafuta fundi mwingine.

Mzee_Fremu: Unawapotosha watu. Kioo hakikwaruziki, akriliki ni anasa.
Jibu: Kioo cha mm 3 ni kilo 7.5 kwa mita ya mraba, akriliki ni karibu nusu yake. Fremu ya sentimita 130 kwa 40 ni kilo 3.9 dhidi ya 1.9. Na kikivunjika, vipande vinaingia wapi? Mikwaruzo inatokana na kufuta kwa karatasi za jikoni. Tumia kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo, bila dawa ya vioo yenye amonia.

Bi_Mwanaidi: Samahani, mimi niko Mombasa, nina picha ndefu ya shule, imejiviringisha vilevile. Beseni nalo linahitajika huku kwetu? Na kwa nini huwa zinajikunja kuelekea usoni?
Jibu: Swali zuri, Bi Mwanaidi. Jelatini hunywa na kupoteza unyevu zaidi kuliko karatasi. Ikikauka inasinyaa zaidi, inaivuta karatasi upande wake. Huko pwani huenda tayari imelegea: jaribu mzunguko wa nje tu, ukifunguka wenyewe ruka hatua ya 4. Tatizo lenu ni kinyume, unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi ukungu unaanza. Kadibodi, plaiwudi na picha vikae siku kadhaa kwenye chumba chenye kiyoyozi kabla ya kufunga fremu, la sivyo unaufungia unyevu ndani. Na fremu iachwe mm 5 kutoka ukutani hewa ipite.

Lefti_Fildi: Yangu ina mtu mmoja kushoto kabisa na kulia kabisa. Imeghushiwa?
Jibu: Hapana. Kamera inachukua sekunde kadhaa kuzunguka. Jamaa alikimbia nyuma ya wenzake akaiwahi upande wa pili. Utani wa zamani sana. Iweke vizuri hiyo.

dada_wa_Dallas: Na bendera za pembetatu za sufu? Yangu ina nondo.
Jibu: Mfuko wa plastiki uliofungwa, friza ya nyuzi −20 wiki nzima, itoe na usifungue mfuko mpaka irudi joto la chumba. Kisha ishone kwa nyuzi chache kwenye ubao uliovikwa kitambaa cha pamba. Usitumie pini, zinaota kutu.

Kipigo_cha_Nne: Haya, nimefuata beseni. Saa ya tatu, imefunguka robo tatu, ncha inagoma. Nivute kidogo?
Jibu: Usivute. Irudishe saa nyingine, kagua baada ya nusu. Taulo zikiwa zimekauka zilowanishe upya, ukiwa umeitoa picha kwanza.