Waridi la Februari: kwa nini bei hupaa, na namna ya kununua usiumie

Bei ya waridi jekundu utakalonunua Februari 14, Siku ya Wapendanao, huanza kupanda tangu Desemba, shambani Naivasha, siku mkulima anapopogoa. Ukifahamu yanayopita baina ya siku hiyo na siku ya kununua, utajua pa kuokoa pesa na pale ambapo huna la kufanya.

Waridi haliwekwi akiba. Mahindi utajaza ghalani usubiri bei ipande, lakini waridi likishakatwa linahesabu siku. Hata kwenye chumba cha baridi cha nyuzi 2 hadi 4, kila siku linayokaa humo inapunguzwa kwenye siku litakazodumu mezani kwako. Kwa hiyo mkulima wa kuuza nje hana budi kufanya mabanda yake, yaani vibanda vya plastiki anamolimia maua, yachanue kwa pamoja, takriban kuanzia wiki ya mwisho ya Januari hadi Februari 10. Naivasha, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, chipukizi huchukua wiki saba hadi tisa tangu shina lipogolewe hadi kutoa tumba la kuvunwa. Kule Timau, miteremkoni mwa Mlima Kenya, usiku ni wa baridi zaidi, kwa hiyo huchukua muda mrefu zaidi ingawa tumba huwa kubwa.

Mkulima huhesabu kurudi nyuma, kisha anakata. Na hapa ndipo gharama ambayo wanunuzi wengi hawaioni: mashina yale yangeendelea kutoa maua ya kuuzwa Desemba na Januari. Akiyapogoa kwa ajili ya Februari, wiki kadhaa banda halimwingizii kitu, na mishahara, mbolea na maji vinaendelea. Mawingu yakitanda wiki nzima, chumo linachelewa, na ua linaloiva baada ya ndege ya mwisho halina mnunuzi. Joto likizidi, maua yanawahi kabla bei haijapanda. Hasara hiyo inayoweza kutokea nayo imo ndani ya bei.

Rangi nayo ina hesabu yake. Miezi mingine yote soko hutaka mchanganyiko: meupe, ya njano, ya waridi mpauko, ya machungwa. Shamba lililopandwa mekundu matupu litaumia kuanzia Machi, kwa hiyo eneo la mekundu huwekewa kiasi, halafu dunia nzima inayahitaji wiki hiyohiyo moja.

Kisha kuna ndege. Mizigo inayotoka Uwanja wa Jomo Kenyatta huongezeka ghafla na nafasi haitoshi. Ndege za ziada zinazokodiwa mara nyingi huja Nairobi zikiwa na shehena ndogo, kwa hiyo ua ndilo linalolipia sehemu kubwa ya safari ya kuja pamoja na ya kwenda. Uholanzi, kwenye mnada wa maua wa Aalsmeer yanakofikia mengi ya maua hayo, bei huanzia juu na kushuka. Anayebonyeza kitufe kwanza ndiye anayechukua. Siku za kawaida mnunuzi huvumilia ishuke. Kuelekea Februari 14 hakuna anayethubutu kusubiri.

Mtu wa Nairobi atauliza: mashamba yako karibu kilomita 90 kutoka kwangu, mnada wa Aalsmeer unanihusu nini? Unakuhusu kwa sababu soko la ndani, kama wauzaji wa City Market kwenye Mtaa wa Muindi Mbingu, kwa kawaida hupata maua yanayobaki: mafupi, yaliyopinda kidogo, au yaliyofunguka mapema. Februari wanunuzi wa nje huchukua hata mafupi ambayo mwezi mwingine wangeyakataa. Mabaki yanapungua siku ileile ambayo wateja wa mjini wanaongezeka.

Sasa ununuzi wenyewe. Jambo lenye faida kubwa ni kuagiza mapema. Zungumza na muuzaji kabla ya Januari kuisha, mpe arubuni, na mwandikiane vitu vinne: idadi ya mashina, rangi, urefu kwa sentimita na siku ya kuchukua. Urefu usiusahau. Mawaridi hupangwa kwa madaraja ya sentimita 40, 50, 60 na kuendelea, na kila daraja lina bei yake. Asiyeandika urefu huletewa 40 kwa bei ya 60. Kwa chombo cha kawaida cha mezani, 40 yanatosha kabisa, kwa kuwa utayakata tena ukifika nyumbani. Hapo ndipo penye akiba ya kweli.

Chukua tarehe 12. Tumba lililofungika vizuri litakuwa limefunguka kwa kiasi cha kupendeza tarehe 14. Ukingoja asubuhi ya siku yenyewe, unachagua kati ya yaliyoachwa na wenzako, kwa bei ya juu kuliko zote. Kama mwenzako hajali tarehe, nunua tarehe 15 au 16: muuzaji mwenye ndoo zilizobaki hupunguza bei, maana yatamfia mkononi.

Usinunue kwa macho tu. Bana tumba taratibu pale linapokutana na kikonyo: gumu ni bichi, linalobonyea kama sponji limekaa siku nyingi. Tazama ncha ya shina. Ikiwa nyeusi au ina utelezi, maji ya ndoo yamejaa bakteria. Petali za nje zenye michubuko kidogo si tatizo, zimelilinda ua safarini. Tatizo ni ua lililoshabanduliwa petali nyingi likabaki jembamba. Hapo muuzaji ameficha uzee. Madoa ya kijivu au kahawia yenye unyevu ni kuvu, na yataenea kwenye fungu zima.

Nyumbani, ng'oa majani yote yatakayozama majini, kisha kata sentimita 2 au 3 za shina kwa kisu kikali, mshazari. Mkasi butu huponda mirija, maji yasipande. Kwa lita 1 ya maji weka kijiko kimoja cha chakula cha sukari, viwili vya maji ya limau, na robo kijiko cha chai cha jiki. Kila kimoja kitie peke yake ndani ya maji, usichanganye limau na jiki moja kwa moja bila maji, kwani hutoa gesi yenye sumu. Sukari ni chakula, limau husaidia maji kupanda, jiki huua bakteria. Wengi hutia sukari peke yake, nayo huwalisha bakteria, mashina yakaziba kwa siku mbili. Badilisha maji hayo kila baada ya siku mbili, na ukate shina tena kidogo.

Ua likiinamisha shingo, hewa imeziba mirija. Kata shina ndani ya maji, funga fungu kwa gazeti ili vichwa visimame, uliweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa moja au mbili. Mara nyingi huinuka. Ukitumia friji, toa kwanza ndizi, maembe na parachichi, kwa sababu matunda yanayoiva hutoa gesi inayozeesha maua.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa, joto la Februari ni adui zaidi ya bei. Maua yanayotoka Arusha au Nairobi yamesafiri kutwa au usiku kucha. Uliza yalifika lini, na uyapokee jioni, yasipigwe na jua la mchana.

Asiyeshikilia waridi ana njia nyingine. Ua liitwalo alstromeria hukaa chomboni hadi wiki mbili. Na pwani kuna kikuba, yaani kifungu kidogo cha kunukia cha asumini, kilua na mrehani, ambacho mnada wa Uholanzi haukigusi. Kiagize kwa mama anayetunga, mwambie siku, na ukichukue jioni hiyohiyo, kwa sababu asumini hufunguka usiku na kufikia asubuhi huwa imenyauka.