Mafuta Yaliyomo Nyumbani: Namna Mkristo Anavyoweza Kutoka Kwenye Madeni

Katika sura ya nne ya Kitabu cha Pili cha Wafalme, mjane wa mmoja wa wana wa manabii anamwendea Elisha akilia, kwa sababu mumewe amefariki na mdai amekuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Elisha hamlaumu marehemu, wala hampi mjane fedha. Anamuuliza ana kitu gani nyumbani, na baada ya muujiza wa mafuta anampa maagizo ambayo mpangilio wake haupaswi kuvurugwa: auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na watoto waishi kwa kitakachosalia. Mwongozo huu unafuata mpangilio huohuo, na umeandikwa kwa ajili ya Mkristo wa Tanzania ambaye mshahara wake, au mauzo yake ya siku, huishia mikononi mwa wadai kabla hajafika nyumbani.

Biblia haisemi kwamba kila anayekopa ametenda dhambi. Torati inawaagiza wenye nacho wamkopeshe ndugu maskini (Kumbukumbu la Torati 15:8) na inakataza kumtoza riba (Kutoka 22:25). Hata hivyo, Mithali 22:7 inatuonya kwamba akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, na Zaburi 37:21 inamtaja anayekopa asilipe kuwa ni mtu asiye haki. Nimekaa na waumini wengi wenye madeni, na karibu wote walikuwa wamefungwa na siri kabla ya kufungwa na riba: mume hajui mikopo ya mke, mke hajui mikopo ya mume, na mwenye deni mwenyewe hajui jumla ya anachodaiwa kwa sababu anaogopa kuihesabu. Ndiyo maana kila hatua nitakayoieleza hapa ni hatua ya kusema ukweli mahali ambapo ulikuwa umezoea kunyamaza.

Daftari la madeni

Nunua daftari la kawaida la shule, na ukurasa wa kwanza uandike kila deni, likiwemo lile unaloona aibu kuliandika. Andika jina la anayekudai, kiasi kilichobaki, riba ya kila mwezi, tarehe ya kulipa, ulichoweka dhamana, na mwisho kabisa andika ni nani mwingine anayejua kuhusu deni hilo. Usisahau madeni madogo yasiyo na karatasi, kama vile vocha na unga uliochukua dukani kwa Mangi, fedha uliyokopeshwa na kaka yako, hisa ulizochelewesha kwenye kikoba (kikundi chenu cha kuweka akiba na kukopeshana), salio hasi la simu, vitenge ulivyochukua kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, na ahadi uliyoitoa kanisani mbele ya watu wote. Mtumishi aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu aandike pia deni hilo, ingawa linakatwa kwenye mshahara, kwa kuwa makato yake ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni sehemu ya hesabu ya maisha yake.

Ile safu ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa. Kila deni ambalo hakuna mwingine anayelijua linapaswa kujulikana na mtu mmoja zaidi kabla wiki haijaisha, na kwa aliye kwenye ndoa, mtu huyo ni mwenzi wake. Mimi mwenyewe niliwahi kumficha mke wangu mkopo wa shilingi 450,000 kwa miezi saba. Siku nilipomwonyesha daftari alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba yeye naye alikuwa na deni la vitenge ambalo sikulijua. Tangu usiku ule tulianza kuyalipa wawili, na sikumbuki sala nyingine ya pamoja iliyokuwa ya kweli kama ile. Kama hujaoa au hujaolewa, mwendee mzee wa kanisa au rafiki unayejua kwamba hatatangaza, umwonyeshe ukurasa wote, usimsimulie tu kwa juu juu.

Hesabu ya mwezi mmoja

Bwana Yesu aliuliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Tuketi basi na tuhesabu. Tuseme mwalimu anapokea mkononi shilingi 620,000 baada ya makato yote. Anatenga 62,000 za fungu la kumi, 100,000 za kodi ya nyumba (azitenge kila mwezi hata kama mwenye nyumba hudai ya miezi sita kwa mkupuo), 210,000 za chakula, 60,000 za nauli, 50,000 za umeme, maji na gesi, 50,000 za mahitaji ya shule ya watoto, na 30,000 za wazazi kijijini. Jumla ni 562,000, kwa hiyo anabakiwa na 58,000. Anadaiwa 300,000 na mkopeshaji wa mtaani anayetoza asilimia 20 kwa mwezi, 70,000 dukani, na 400,000 na kaka yake asiyetoza riba.

Tazama kilichofichika hapo. Riba ya mkopo wa mtaani peke yake ni 60,000 kwa mwezi, nayo inazidi zile 58,000 alizobakiwa nazo. Mwalimu huyu anaweza kujinyima kwa mwaka mzima na deni lisipungue hata shilingi. Akilipa riba tu kwa miezi sita atakuwa ametoa 360,000 huku zile 300,000 zikiwa palepale. Watu wa mitaani waliipa mikopo ya namna hii jina la kausha damu, na jina hilo halina chumvi.

Hapo ndipo swali la Elisha linapogonga mlango: una kitu gani nyumbani? Mwalimu anauza televisheni na friji kwa 310,000, anaongeza zile 58,000, anapata 368,000, na anamlipa mkopeshaji 360,000, mtaji na riba ya mwezi huo. Mwezi wa pili anapeleka dukani 66,000, yaani zile 8,000 zilizobaki pamoja na 58,000 za mwezi. Mwezi wa tatu anamalizia 4,000 za duka na kumpa kaka yake 54,000, na miezi sita inayofuata inatosha kulimaliza deni la kaka. Kwa miezi tisa amekuwa huru, bila mkopo mpya na bila nyongeza ya mshahara. Kuuza friji kunauma, hasa pale majirani wanapoliona likipakiwa kwenye bajaji, lakini friji hununuliwa tena.

Kanuni ninayoifuata ni kuanza na deni lenye riba kali, kisha madeni madogo ya watu wa karibu wanaohitaji fedha zao. Mangi wa dukani naye ana watoto wa kusomesha. Usikubali kukopa huku ili ulipe kule, isipokuwa kama mkopo mpya una riba ndogo kwa kiasi kinachoonekana, kwa mfano wa SACCOS yenu, yaani chama chenu cha akiba na mikopo, na mkopo wa zamani unafungwa siku hiyohiyo. Mtumishi wa umma akumbuke vilevile kwamba utaratibu unaotaka abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake uliwekwa ili kumlinda, hivyo asitafute njia ya kuukwepa kwa kumpa mkopeshaji kadi yake ya benki na namba ya siri.

Fungu la kumi ukiwa na deni

Swali hili huulizwa kwa minong'ono, nami nitalijibu waziwazi. Mimi naamini katika fungu la kumi na ndiyo maana nimeliweka mwanzoni mwa hesabu ya mwalimu. Lakini fungu la kumi hutolewa katika mapato, na fedha ya mkopo si mapato. Anayekopa 500,000 na kupeleka 50,000 madhabahuni ametoa fedha ya mwingine, naye atalipia sadaka hiyo riba. Zaidi ya hapo, ahadi za ujenzi, harambee na michango maalumu zinaweza kusimama kwa muda, na ni afadhali umwendee mchungaji ukamweleza kuliko kuandika ahadi nyingine kwa kuona haya. Katika Mathayo 5:23-24 Bwana anamwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu aliye na neno juu yake. Ndugu uliyechukua fedha zake na kuacha kupokea simu zake ana neno juu yako. Katika Marko 7 Bwana anawakemea wale waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao.

Ninasikitika ninaposikia mtu mwenye madeni akiambiwa akope ili apande mbegu, yaani atoe sadaka, itakayomfungua. Rudi usome habari za yule mjane: Elisha hakudai hata kikombe kimoja cha mafuta yale.

Kuzungumza na anayekudai

Mwendee kabla ya tarehe ya kulipa, ukiwa na kiasi chochote mkononi na mpango ulioandikwa. Mwambie unadaiwa kiasi gani, unaweza kulipa kiasi gani kila mwezi na kuanzia lini, na utaje kiasi unachoweza kukitimiza, kwa maana ndiyo yetu inapaswa kuwa ndiyo. Omba riba isimamishwe au muda urefushwe, na mkikubaliana andikeni na mtie saini. Kila unapolipa chukua stakabadhi au tunza ujumbe wa muamala.

Chunguza pia kama anayekudai ana leseni. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, ambayo imeelekeza riba yao isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni huchukua namba zote zilizomo kwenye simu yako na kuwatumia ndugu, bosi na mchungaji ujumbe wa kukudhalilisha. Ukiwa umekwisha kuwaambia mwenyewe, ujumbe huo hauna nguvu tena. Toa taarifa Benki Kuu na polisi, ufute programu hiyo, lakini mtaji uliopokea uurudishe.

Michango ya harusi na udhamini

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Unapoletewa kadi ya mchango, taja mapema kiasi unachokiweza, hata kama ni 10,000, na ujitolee kupanga viti au kupika. Kuhusu udhamini kwenye kikoba au SACCOS, Mithali 6:1-5 inamtaka aliyejifunga kwa ajili ya mwingine akajiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Mdhamini mtu kwa kiasi kile tu ambacho ungeweza kumpa bure.

Kwa mkulima, hatari huja katika miezi ya njaa. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaijua kangomba, yaani kuuza korosho kwa bei ya chini kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, na wenye mahindi wanajua uchungu wa kuuza zao likingali shambani kwa sababu ya deni la ada. Yusufu alimshauri Farao sehemu ya tano itengwe katika miaka ya neema (Mwanzo 41:34). Mwenye mavuno aanze kwa kutenga fungu hilo siku ileile anayolipwa, kabla hajapita sokoni.

Ukifikia deni la mwisho, omba barua au ujumbe unaothibitisha kwamba hudaiwi, rudishiwa hati au kadi uliyoiweka dhamana, na ubadilishe namba ya siri. Zima huduma ya simu inayokukopesha salio linapopungua. Mwezi unaofuata, kiasi ulichokuwa ukilipia madeni, kama zile 58,000 za mwalimu wetu, kipelekwe siku ya mshahara kwenye akaunti isiyo na kadi, na kwenye ukurasa mpya wa daftari lilelile mwandike, wewe na mwenzi wako, kiasi mlichoweka na tarehe.