SOMO: Jinsi ya kulifaidi gemu la RPG ambalo ni la kawaida tu

Habari wakuu, wikiendi hii nimemaliza gemu moja la RPG (yale unayocheza kama mhusika fulani, unamkuza uwezo huku unafuata stori) ambalo kila mtu analiponda, masaa kama 40 hivi, na nimeinjoi kuliko magemu kibao yenye sifa, sasa watu wananiuliza uliwezaje kuvumilia. Sikuvumilia chochote, nilikula mnofu mifupa nikaacha.

Tuelewane kwanza, siongelei gemu bovu. Linalogandaganda na kukufutia sevu hilo futa tu ulale. Naongelea lile la katikati, stori unaibashiri mapema, mapigano ni kubonyeza kitufe kilekile, wanakijiji wote wanagawana sura tatu, ila kuna kakitu kamoja humo ndani ambako waliolitengeneza walikafanya kwa moyo. Kazi yako ni kukasaka hako.

HATUA YA 1: Masaa mawili ya mwanzo gusa kila kitu. Kila silaha, kila uchawi, hata ule unaoonekana wa kijinga. Mimi humo upanga ulikuwa kama napiga godoro, mishale ndo hovyo kabisa, halafu kulikuwa na uchawi wa upepo maelezo yake yanasema unapunguza uhai 4, nikaudharau. Siku nipo kwenye daraja la mbao, jambazi kavaa chuma mwili mzima ananijia, nikakosea kitufe, upepo ukatoka, jamaa akarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu hakukuwa na daraja. Na XP zote (pointi za kupandisha levo) nikapewa mimi! Kuanzia hapo likawa gemu la kutafuta makorongo, adui nikimkuta tambarare nasonya.

HATUA YA 2: Shusha ugumu. Najua mna viburi. Lakini magemu mengi ya hivi ukipandisha ugumu maadui wanaongezewa uhai tu, akili ni ileile, kwa hiyo unachovuna ni kumpiga buibui dakika tatu badala ya moja.

HATUA YA 3: Vimisheni vya pembeni chuja bila huruma. Mtu akikuambia niletee ngozi 10 za mbwa mwitu, itikia sawa halafu usirudi. Dragon Age: Inquisition ya 2014 watu walinasa Hinterlands, eneo kubwa la mwanzo la kuzurura, wanataka kumaliza kila alama kwenye ramani mpaka wakachoka kabla stori haijachanganya, ikabidi ushauri mkubwa wa gemu lile uwe "toka Hinterlands". Anayekupa misheni yenye mtu mwenye jina na ugomvi, huyo msikilize.

HATUA YA 4: Mpe karakta wako tabia. Wangu alikuwa mzee bahili, dukani hanunui kitu, anaokota tu. Viatu viwili tofauti gemu zima.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mimi nishafika levo 20 na pointi zote nimetia kwenye upanga, ndo basi tena?
Jibu: Cheki kama linaruhusu kupanga upya. Kingdoms of Amalur: Reckoning ya 2012 kwa mfano ina Fateweaver, unampa dhahabu anakurudishia pointi zako unaanza upya. Kama hamna, levo 20 kwenye magemu haya unazirudia haraka sana maana njia unaijua.

Swali: Maongezi naskipu au?
Jibu: Ya mfalme skipu. Ila barua na madaftari yaliyotupwa mapangoni soma, mara nyingi huko ndo utakuta mwandishi mwenye kipaji waliyemnyima stori kubwa.

Swali: Langu pango ni lilelile kila misheni, naumwa kichwa.
Jibu: Dragon Age II ya 2011 inasemwa sana kwa hilo, mapango yaleyale wamebadilisha tu milango ipi imezibwa. Lakini ina watu wanaoipenda mpaka leo, na wengi wanakuambia ni kwa sababu ya wale wenzako unaotembea nao. Fanya pango ni barabara tu, wewe upo pale kuwasikiliza wakizodoana. Kama lako hamna wa kuzodoana, hapo pole.

Swali: Modi (vile viongezo vya gemu wanavyotengeneza wachezaji) zinaruhusiwa?
Jibu: Ya kukimbia haraka na ya kubeba mzigo bila kikomo, ruksa. Kopi sevu zako kwanza. Ukijaza modi 60 hilo sio gemu tena, ni kazi ya ufundi.

Swali: Sasa bosi wa mwisho naye ulimpeperusha?
Jibu: Uwanja wa duara, ukuta pande zote, washenzi wale. Nilimtwanga na fimbo dakika kumi na kitu huku nasonya. Ila pale nje mlangoni kulikuwa na walinzi wawili na ngazi ndefuuu, hao walishuka vizuri.