Alama za GRE ya majaribio: amini zipi?

Kama unajiandaa kwa mtihani wa GRE ili kuomba shahada ya uzamili, usiyape uzito sawa majaribio yote. Ya kuaminika zaidi ni yale ya POWERPREP, kwa sababu yanatoka kwa ETS wenyewe, watunzi wa mtihani. Mawili ni ya bure. Hapo sehemu ya pili ya hesabu au lugha huwa ngumu au rahisi kutegemea ulivyofanya ya kwanza, kama siku yenyewe. Karatasi ulizochapisha haziwezi kukufanyia hivyo.

Majaribio ya kampuni za masomo ya ziada ni mazuri kwa mazoezi, ila alama zake ni makadirio yao tu. Mengine hubana alama kupita kiasi (ukiogopa, unanunua kozi).

Hata POWERPREP itakudanganya ukisimamisha saa ujibu simu, ukiruka insha, au ukirudia jaribio ambalo maswali yake unayakumbuka. Tangu Septemba 2023 mtihani ni kama saa 1 na dakika 58, bila mapumziko, na insha ndiyo inayotangulia. Fanya hivyohivyo nyumbani, na jaribio moja libaki hadi wiki ya mwisho.

Ukipata 158 ya hesabu, isome kama 156 hadi 160. Chuo unachotaka kikiwa kinadai 160, usilipie tarehe bado. Ada ya GRE si ya kubahatisha.